Kiti cha Lane Hakigawiwi

Hargis, Kansas
11 Juni

Mjukuu wangu Lane,

Natumaini barua hii inakukuta na meno yako yote, maana nywele najua walishazichukua. Huku tuko salama. Mama yako amebadilishiwa zamu hospitalini, sasa anafanya kazi mchana na jioni ananisumbua mimi. Mvua ya mawe imelaza ngano ya akina Pfeifer, yetu haikuguswa, na nimeacha kupita mbele ya nyumba yao kwa aibu ya kubahatika. Mbwa wako analala kwenye mlango wa chumba chako na ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuficha.

Sasa lililonishikisha kalamu. Jumamosi Panzi, kikosi chetu cha kwenye gemu, tulipigwa, na tulipigwa vibaya. Shawna na kifaru chake walijitahidi, lakini huko juu nilikuwa peke yangu, ndege moja dhidi ya mbili, kwa sababu kiti cha ndege ya pili ni chako na wewe umekwenda kuvaa buti za serikali. Tulipomaliza, yule kijana wa Amarillo, Tanner, anayeturushia helikopta, akasema masikioni mwa wote, "Naitisha kiti cha Lane."

Sheria unaijua, uliiandika mwenyewe siku tulipoanzisha kikosi. Anayekitaka kiti anakiitisha, mwenye kiti anapanda naye angani, wawili tu, na anayeanguka mara mbili ndiye aliyekosa. Mwenyewe akiwa hayupo, ndugu yake wa kikosini anaweza kupanda badala yake. Shawna akauliza kama kuna ndugu. Nikasema yupo, anaongea naye. Akaniuliza kwa upole wake kama wa muuguzi, "Bibi Arlys, una hakika?" Nikamwambia nina miaka sabini na mitatu na mambo niliyo na hakika nayo yamebaki machache, hili ni mojawapo.

Siku ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Nikishindwa, utarudi nyumbani ukute mtu mwingine anaendesha ndege yako. Sitashindwa. Lakini wewe umefanya mazoezi naye kuliko mimi, kwa hiyo nipe siri zake.

Bibi yako,
Arlys


Kambini
26 Juni

Bibi,

Kuruta huyu hajambo. Samahani, mimi sijambo. Hapa haturuhusiwi kusema "mimi". Ukitaka kwenda chooni unapiga kelele, "Kuruta huyu anaomba ruhusa ya kwenda chooni!" na ukisahau unaenda kuchimba mchanga kwa viganja. Nalala vizuri. Nakula haraka. Usitume maandazi ya mdalasini, tafadhali, kijana mmoja alitumiwa keki na Sajini Mabry akaifanya iwe siku mbaya kwa bweni zima. Msalimie mama na mbwa.

Sasa Tanner. Huyo hana papara. Mkikutana uso kwa uso hatapoteza risasi, atakupita tu. Akishakupita anaachia mafuta, yaani anapunguza nguvu ya injini, anafunga breki mpaka mwendo ushuke kwenye mia tatu ishirini, analaza ndege ubavu na kuvuta usukani. Kwenye gemu letu huo ndio mwendo ambao ndege inazunguka mahali padogo kuliko pengine pote. Ukiwa na kasi zaidi mduara wako unakuwa mpana, yeye anakatiza ndani yake, na mzunguko wa pili yuko mgongoni kwako.

Na wewe, Bibi, unazunguka na mafuta yote. Kila mtu anajua. Wale wa Tulsa wanakuita Treni.

Kwa hiyo kitu ni kimoja tu: kwenye kona, achia mafuta. Mengine unayajua ila nakukumbusha. Fataki zako za kupoteza makombora usizimwage ukisikia mlio wa kwanza, huo ni wa kukulenga tu. Subiri mlio wa haraka, ndio kombora limetoka. Akiwa nyuma yako usinyooke hata kidogo. Macho yawe kwake, siyo kwenye pua ya ndege yako. Na risasi fupi fupi, mbele ya pua yake, aziingie mwenyewe.

Nimekuchorea miduara nyuma ya karatasi. Wa nje ni wako, wa ndani ni wake. Angalia jinsi anavyokukatiza.

Lane


Hargis
9 Julai

Mpendwa Kuruta Huyu,

Nimecheka mpaka mama yako akaja kuangalia kama nimepatwa na jambo. Ukirudi hapa ukaniambia "kuruta huyu anaomba viazi" nitakumwagia. Ngano imeshavunwa na imekuja vizuri. Mama yako Denise anasema anakuandikia Jumapili, anajifanya ana shughuli, ukweli akianza tu kuandika analia. Usimwambie nimekwambia.

Nimefanya mazoezi kila siku baada ya chai. Mazoezi ya fataki nimeyamaliza, sasa nasubiri ule mlio wa haraka nikiwa nimetulia kabisa. Jana nilikutana na watoto wawili wa sijui wapi, mmoja akasikia sauti yangu akaniambia bibi nenda kafume soksi. Nikamwangusha. Akarudi. Nikamwangusha tena, nikamwambia soksi ya pili hiyo, sasa una jozi.

Kuhusu kuachia mafuta kwenye kona, sifanyi. Miduara yako nimeiona, umechora vizuri. Sifanyi. Tafuta njia nyingine.

Arlys


Kambini
28 Julai

Bibi,

Barua yako ilikaa siku nyingi mezani kwa Sajini kwa sababu ile karatasi ya miduara uliirudisha na masahihisho yako ya kalamu nyekundu. Uliandika "hapa nampiga huyu mpuuzi" na mshale. Sajini Mabry alipoiona ikining'inia nje ya bahasha alinisimamisha juu ya sanduku langu mbele ya wote.

"Nani huyu mpuuzi, kuruta?"

"Tanner, bwana!"

"Na nani anampiga?"

"Bibi yake kuruta huyu, bwana!"

Hapo hakuna aliyethubutu kucheka, Bibi, hewa yote iliisha bwenini. Akanipa mafagio mawili. Akaniambia nioneshe. Nikashika fagio moja juu ya lingine nikazunguka kitanda, huku nikieleza kwa kupaza sauti kwamba ndege ya bibi yake kuruta huyu ina kasi mno kwenye kona, bwana. Akatazama mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwambie bibi yako aachie mafuta," akatoka. Kwa hiyo sasa hata Jeshi la Wanamaji linasema hivyo.

Kwa nini hutaki? Siyo kwamba huwezi. Ulirusha ndege ya kunyunyizia dawa miaka mingi kuliko umri wa mama, mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Niliwahi kukaa karibu yako nikaona kidole kinasogea kwenye kitufe halafu kinarudi. Kuna nini hapo?

Siku yetu ya kumaliza mafunzo ni katikati ya Septemba. Familia zinaruhusiwa. Utakuja?

Lane


Hargis
10 Agosti

Lane wangu,

Nitakuja, hata kama ni kwa kupanda lori la ng'ombe. Nimeshanunua gauni la bluu, na mama yako amelipia chumba cha hoteli chenye vitanda viwili kwa sababu anasema nakoroma. Huku joto limezidi, mtama umejikunja majani, watu wanasubiri mvua na kununiana dukani.

Huyo Sajini wako mwambie aje apande yeye na Tanner kama anajua sana. Nimepigana na Shawna kwa mazoezi. Aliwahi kuwa rubani wetu kabla ya kifaru, anaruka kama Tanner, mia tatu ishirini kwenye kona. Ameniangusha mara nyingi kuliko nilivyomwangusha.

Umeniuliza kuna nini. Hakuna kitu. Kula vizuri.

Arlys


Kambini
2 Septemba

Bibi,

Msije. Ombeni kurudishiwa hela ya hoteli kama inawezekana. Mwambie mama asilie, sijaumwa.

Na kiti mpe Tanner. Anaruka vizuri na Panzi wanahitaji ndege mbili, hii habari ya kupigana kwa ajili yangu haina maana tena. Nisamehe nimekusumbua majira yote ya joto.

Lane


Hargis
9 Septemba

Lane,

Sikusalimii. Ukitaka salamu, niandikie barua ya kweli.

Mstari mmoja unasema msije, wa pili unasema hujaumwa, wa tatu unagawa mali. Unadhani unamwandikia nani? Nimemlea mama yako, nimekulea wewe, najua mtu anayeficha kitu hata akiwa upande wa pili wa nchi. Kama umefukuzwa, sema. Kama umempiga mtu, sema. Lakini usinigawie kiti. Kiti umeniachia mimi nikilinde, na sikitoi kwa sababu mtoto mmoja ameamka vibaya.

Nataka ukweli wako, na sitauomba bure. Huu hapa wangu.

Wote mnajua babu yako Virgil alikufa kwa moyo, akiwa angani. Hivyo ndivyo tulivyomwambia mama yako, alikuwa na miaka sita, na yeye amekwambia vivyo hivyo. Haukuwa moyo. Tulikuwa na ndege moja, asubuhi moja anaruka yeye, nyingine mimi, na asiyeruka anakaa kwenye lori la dawa mwisho wa shamba. Kazi ile ina namna yake ya kugeuka. Ukifika mwisho wa mistari unapanda, unageukia huko huko juu, kisha unashuka kwenye mstari unaofuata. Siku ile hakupanda. Aligeukia chini, usawa wa nguzo za umeme, akaachia mafuta ili apite polepole, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama juu ya lori na alitaka kunipungia mkono. Nami nilikuwa nimeshainua wangu. Ndege ikaisha mwendo kwenye kona, bawa la kushoto likaanguka kwanza.

Wiki iliyofuata nilikopa ndege ya jirani nikapanda, kwa sababu mtama wa watu ulikuwa unaliwa na wadudu na tulikuwa tumechukua malipo ya mwanzo. Nikaendelea kuruka mpaka wewe ulipoanza shule. Sikuwahi kuachia mafuta kwenye kona hata siku moja, na sitaanza sasa, hata kama ni gemu, hata kama ni katuni. Najua ni katuni. Kidole hakijui.

Haya. Zamu yako.

Bibi


Kambini, jengo la wagonjwa
20 Septemba

Bibi,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikaiweka ndani ya soksi ili asiione mtu.

Mfupa wa muundi umepasuka. Mguu wa kulia. Ulianza kuuma mwezi wa saba, nikaficha, nikawa nakimbia hivyo hivyo, siku ya matembezi marefu ukakataa. Wenzangu wamemaliza mafunzo. Nilisikia bendi kutoka dirishani hapa. Wapo waliokuja na bibi zao.

Sasa niko na watu wa magongo. Daktari ameniambia naweza kuweka sahihi nikarudi nyumbani, hakuna atakayenilaumu. Au nikae mpaka mfupa uunge, kisha niunganishwe na kikosi kingine cha watu nisiowajua, kuanzia karibu na mwanzo, na sajini mwingine wa kunipigia kelele upya. Wengi hapa wanaweka sahihi. Mimi nimechoka, Bibi. Nimeandika "mimi" na hakuna aliyenikemea, ndivyo ninavyojua kwamba hapa si jeshini wala si nyumbani. Niliona aibu kukuambia. Ulikuwa umeshanunua gauni.

Kuhusu babu, mama anajua?

Usiachie mafuta. Sitakuambia tena. Sina kingine cha kukufundisha kuhusu Tanner, na ukianguka umeanguka, kiti hicho sijui hata kama nitakikalia.

Lane


Hargis
6 Oktoba

Lane, mume wangu mdogo,

Leo nakusalimia sana, wewe na mguu wako. Mama yako anajua yote mawili. Nilimwambia ya mguu kwanza akalia, nikamwambia ya baba yake hakulia. Alisema alikuwa anahisi, maana kila akiuliza habari ya moyo nilikuwa nageuka kutafuta kitu jikoni. Tumekaa tumekula supu ya maharage na maandazi ya mdalasini, tukaongea habari za Virgil mpaka supu ikapoa. Gauni nimelivaa kanisani.

Sasa kaa vizuri, jana ndiyo ilikuwa siku.

Watu walikuja kutazama, hata wale wa Tulsa. Shawna akatangaza: jangwa tupu, hakuna mizinga ya chini, wawili tu. Tanner akanisalimia kwa adabu. Akasema, "Bibi Arlys, sina ubaya na Lane. Nataka kuruka tu." Nikamwambia najua, mwanangu, ndiyo maana nitakuangusha kwa upendo.

Mara ya kwanza alinimaliza. Ilikuwa kama ulivyochora. Tukapitana, akaachia mafuta, akakata ndani ya mduara wangu, na mzunguko wa pili nikasikia risasi mkiani. Mmoja wa Tulsa akapiga honi ya treni kwenye spika yake. Nikanywa maji.

Nikuambie kitu. Nilipokuandikia ile barua ya Virgil, nilifika pale niliposema kwamba mwisho wa mistari unapanda, nikaiacha kalamu. Miaka yote hii kwenye gemu nimekuwa nikizunguka chini, bapa, kama mlivyonifundisha ninyi watoto, na kugombana na kidole changu. Wakati kazi yangu mwenyewe ilinifundisha kugeukia juu. Kikosini hatupandi kwa sababu mizinga ya chini inatuona. Lakini jana hapakuwa na mizinga.

Mara ya pili tukapitana. Yeye akalaza ubavu na kufunga breki kama kawaida. Mimi nikavuta usukani wote, mafuta yote, nikaenda juu moja kwa moja. Juu kule mwendo unashuka wenyewe, Lane. Hujagusa kitu. Namba zinateremka, mia tano, mia nne, mia tatu na kitu, na chini yako kuna hewa tele. Nikajigeuza kichwa chini, nikamwona Tanner kule chini akizunguka mduara wake mdogo, ananitafuta. Mkono ulikuwa kwenye mafuta, wala sikuyaachia. Niseme kweli, nilifurahi kupita kiasi. Nikashuka nikamwekea risasi mbele ya pua akaziingia.

Safari hii honi haikusikika.

Ya tatu akawa ameshaelewa, kijana ana akili. Nilipopanda na yeye akapanda. Lakini alikuwa ameshafunga breki, mazoea ni mazoea, na ndege iliyokwisha mwendo haina nguvu ya kupanda. Nikamwona anasimama hewani pua juu, bawa linaanza kulala. Hapo nilisita, nakuambia tu. Nilijua ninachokitazama. Kisha nikakumbuka kwamba huyu anakaa Amarillo kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu na mama yake anamwita kula, nikampiga.

Kiti ni chako.

Sasa nisikilize. Sikukipigania ili kikudai. Ukiweka sahihi ukarudi na magongo, utakikalia hata kesho na nitampiga teke atakayekuuliza kuhusu jeshi. Ukibaki, kitakuwepo ukimaliza. Usiniandikie tena kwamba hujui kama utakikalia. Kuamua ni juu yako. Kukata tamaa kwa niaba yangu siyo juu yako.

Bibi yako,
Arlys


Kambini, jengo la wagonjwa
17 Oktoba

Bibi,

Salamu kwako na kwa mama. Mwambie nimepata barua yake, na madoa ya machozi nimeyaona. Magongo nimeyarudisha Jumatatu. Natembea, naanza kukimbia kwenye maji.

Barua yako niliwasomea wenzangu hapa. Tuko tisa. Kijana mmoja wa Georgia, mguu wake uko kwenye plasta mpaka pajani, alinifanya nirudie pale unapopanda. Halafu Sajini Mabry alipita kumwona mtu wake mwingine, akanikuta nimeshika fagio na ndege ya karatasi. Nikasimama nikaripoti kwamba bibi yake kuruta huyu ameshinda mara mbili kwa moja, bwana, na hakuachia mafuta. Akasema, "Alipanda?" Nikasema ndiyo, bwana. Akasema, "Nilipaswa kujua," akaenda zake.

Sijaweka sahihi. Daktari alinipa ile karatasi nikamrudishia. Nitaanza tena Novemba na kikosi kipya, naogopa na nina hasira, vyote kwa pamoja, na hasira ndiyo kubwa. Watanipigia kelele upya. Wapige.

Lakini hii inamaanisha sitakuwa nyumbani mpaka mwakani, na baada ya hapo sijui watanipeleka wapi. Panzi hawawezi kuruka na ndege moja muda wote huo. Ulishinda, nakushukuru, sitasahau mpaka nife. Sasa kwa kuwa ni changu, nakigawa mwenyewe kwa hiari: mpe Tanner kiti changu. Anastahili. Tafadhali, Bibi, safari hii nisikilize.

Lane


Hargis
26 Oktoba

Kuruta Lane,

Mama yako amebandika barua yako kwenye friji na haruhusu mtu kuigusa. Mtama tumevuna, siyo mbaya. Mbwa amehamia kitandani kwako, nimemwacha.

Umeniomba nikusikilize, nimekusikiliza nusu. Panzi hawawezi na ndege moja, hapo umesema kweli. Tanner anastahili, kweli pia. Kijana yule alinipigia siku mbili baada ya kuanguka, akaniomba nimfundishe kupanda, na anajifunza haraka kuliko wewe. Kwa hiyo jana nilimwita Shawna na wote, nikatangaza mbele yao kwamba kuanzia sasa Tanner anaruka nasi, ndege ya kwanza.

Nimempa kiti changu. Mimi ndiye ninayekaa kwenye chako.

Mguu ukipona, mafunzo yakiisha, siku watakapokupa ruhusa ya kuja nyumbani, ukikitaka, uje ukiitishe. Nami nitapanda.

Bibi yako,
Arlys